Pacha Mmoja Mzima, Mwenziwe Ana Kilema: Nani Alaumiwe?

Mapacha wakizaliwa Lubumbashi, majina hayatafutwi. Kwa Waluba wa Katanga, wa kwanza ni Kyungu na wa pili ni Kabange, na nyumba hujaa nyimbo. Lakini mmoja akija mzima na mwenziwe akija na mdomo uliopasuka au mgongo wazi, nyimbo hukatika na minong'ono huanza. Mama alifanya nini? Wengine huthubutu kusema kwamba yule mzima amemla ndugu yake tangu tumboni. Mtoto angali ananyonya, tayari ameitwa mchawi.

Vijana wapendwa, maneno hayo tuyakatae, tena tuyakatae kwa hoja.

Mapacha wa kufanana hutoka katika yai moja, lililogawanyika siku chache baada ya mimba kutungwa. Likigawanyika mapema sana, kila mmoja hupata kondo lake. Likichelewa, hushirikiana kondo moja, na ushirika huo hauna haki sikuzote: mmoja aweza kupata sehemu kubwa na mwingine ndogo, au mishipa ikammiminia mmoja damu kupita kiasi na kumpunguzia mwenziwe. Isitoshe, chembe za kila mmoja huendelea kujigawa peke yake, na kosa dogo laweza kuingia upande mmoja tu. Ndiyo maana kasoro za kuzaliwa huwapata mapacha hawa zaidi kuliko mtoto aliyezaliwa peke yake, na mara nyingi humpata mmoja wao tu. Baba ni yule yule, mama yule yule, ukoo ule ule. Kama kilema kingekuwa malipo ya kosa la mzazi, mbona mwingine ameachwa?

Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, aliwatumia mapacha katika kitabu cha tano cha Mji wa Mungu kuwapinga wasoma nyota: waliotungwa pamoja, kwa nini maisha yao hutofautiana? Wapiga ramli wetu hawatazami nyota, lakini swali lawahusu.

Hata hivyo, si kila kitu ni bahati. Shaba ilianza kuyeyushwa mjini humu mwaka 1911. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walilinganisha watoto 138 wenye kasoro za kuonekana na 108 wasio nazo, waliozaliwa kati ya 2013 na 2015. Matokeo, yaliyotolewa 2020, yalionyesha kwamba kasoro zilihusiana sana na baba kufanya kazi za migodi. Pacha mzima haithibitishi kwamba vumbi halina neno. Wawili wakipita penye mawe yanayorushwa, mmoja aweza kupona.

Lakini nani humwuliza baba habari za vumbi la nguo zake, au kampuni habari za moshi wake? Huulizwa mama, angali kitandani.

Mkienda kuwapongeza wazazi wa namna hiyo, pelekeni zawadi mbili zilizo sawa, na ombeni kuwapakata watoto wote wawili.