Tuwe na Kituo Chetu

Barabara ya Mpemba hadi Isongole sasa ina lami. Lakini mama mwenye mgonjwa akishushwa na bodaboda hapo njiani, mvua ikinyesha atangojea gari wapi?

Huko Dar es Salaam, tangu mwaka 2016, abiria hufika Kimara kwa daladala au bodaboda, kisha hupanda basi la mwendokasi kwenda Kivukoni. Kituo kimoja huunganisha vyombo vingi.

Sisi wa Mbebe hatuhitaji fahari hiyo. Tutenge uwanja, tujenge banda na choo, tubandike nauli tulizopatana. Tena watu wanne wenye safari moja wakikutana hapo, watakodi gari moja badala ya bodaboda nne.

Wazee wetu, lipelekeni jambo hili kwenye mkutano wa kijiji. Shime, kabla ya mvua!