Shauri la mwezi mwandamo

Msomaji, madai haya umeshayasikia. Yamesemwa katika mihadhara ya uwanjani, yakarekodiwa, yakapitishwa simu kwa simu, na kila Ramadhani ikikaribia huamka upya: kwamba Mungu wa Waislamu ni mungu-mwezi, kwamba kalenda yao ni mbovu, kwamba Inshallah ni udhuru wa mvivu na Allahu Akbar ni ukelele wa vita. Nimeyasikiliza mpaka mwisho, mengine zaidi ya mara moja, na nimeyafuata hadi yalikoanzia. Leo nayaweka mbele yako uwe hakimu. Huhitaji kuwa Mwislamu ili uhukumu. Unahitaji kujua maneno yana maana gani, na wewe unayesema Kiswahili una sehemu kubwa ya ushahidi kinywani mwako.

Dai la kwanza ndilo mama wa mengine, na nitalieleza kwa nguvu zake zote. Waarabu kabla ya Uislamu waliabudu miungu mingi, mwezi ukiwamo. Jina Allah lilijulikana Makka kabla ya utume, kwa kuwa baba yake Mtume aliitwa Abdullah. Waislamu huanza na kumaliza saumu kwa kuutazama mwezi. Kwa hiyo, wanasema, Allah ni mungu-mwezi aliyebaki baada ya wenzake kuvunjwa. Aliyelieneza zaidi dai hili ni Robert Morey, mwandishi wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1992, na maandishi yake yakaegemea pia sanamu yenye alama ya hilali kifuani iliyofukuliwa Hazor.

Tuanze na sanamu, maana haituchukui muda. Hazor iko kaskazini mwa Israeli ya leo, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Makka, na sanamu hiyo ilitengenezwa zaidi ya miaka 1,500 kabla Mtume hajazaliwa. Anayetaka kuifikisha kwenye Kaaba anapaswa kutuonyesha njia iliyopita, mji kwa mji na karne kwa karne. Morey hakuionyesha njia hiyo.

Jina sasa. Ni kweli lilikuwapo kabla ya Uislamu, na Kurani yenyewe haifichi. Sura ya Al-Ankabut, aya ya 61, inasema kwamba washirikina wa Makka wakiulizwa ni nani aliyeziumba mbingu na ardhi na kulitiisha jua na mwezi, watajibu kuwa ni Allah. Pima jibu hilo. Hata aliyeabudu masanamu alikuwa anautenga mwezi na Yule anayeuendesha. Isitoshe, mwezi kwa Kiarabu ni qamar na mwezi mchanga ni hilal, maneno yasiyo na udugu wowote na jina Allah. Jina hilo lina udugu na Elohim wa Kiebrania na Alaha wa Kiaramu. Wakristo wa Misri, Syria na Lebanoni husali kwa Allah, na Biblia ya Kiarabu humwita hivyo tangu mstari wake wa kwanza. Mwenye kushikilia dai hili hana budi kuwatia na ndugu zake hao katika ibada ya mwezi. Kama hayuko tayari, basi jina halikuwa ushahidi tangu mwanzo. Na anayetaka kuutafuta mwezi ndani ya neno letu Mwenyezi asihangaike: ni mwenye na enzi, basi, na Biblia Habari Njema ya Kiswahili huandika Mwenyezi-Mungu ukurasa baada ya ukurasa.

Limebaki lile la kuutazama mwezi. Sura ya Fussilat, aya ya 37, inakataza waziwazi kulisujudia jua au mwezi na kuamrisha asujudiwe aliyeviumba. Al-Baqara, aya ya 189, inaeleza kazi ya miezi miandamo: ni vipimo vya wakati kwa watu na kwa Hija. Tena imepokewa dua ya kusoma mtu aonapo hilali, na ndani yake mwezi unaambiwa kwamba Mola wake na Mola wa anayeutazama ni mmoja, Allah. Sijui dini yoyote ambayo mwabudu humwambia anayemwabudu kuwa wote wawili ni waja wa mwingine.

Liko na tukio moja ambalo kwangu linatosha. Mwaka 632 Ibrahim, mwana mdogo wa Mtume, alifariki Madina, na siku hiyohiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limemlilia. Baba aliyefiwa angeweza kunyamaza, na uvumi ule ungemjengea heshima. Hakunyamaza. Alisimama akawaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Hapo ndipo dai la mungu-mwezi linapokufa, mikononi mwa mtu yule yule wanayemsingizia.

Wengine husema: mbona hilali iko juu ya misikiti? Kwa sababu ilienea kama nembo chini ya dola ya Uthmaniya, karne nyingi baada ya Mtume. Haikuamrishwa na aya wala hadithi. Bendera ya Saudi Arabia, nchi yenye Makka na Madina, haina hilali.

Dai linalofuata limevaa joho la sayansi: kalenda ya Hijria ni mbovu kwa kuwa haifuati majira. Ramadhani leo iko kwenye jua kali, baada ya miaka iko kwenye mvua. Mahesabu yao ni sahihi. Mwezi huandama kwa wastani wa siku 29 na nusu na kidogo, miezi 12 inatoa siku 354 au 355, na mwaka wa jua unazidi kwa siku kama 11. Ndiyo maana mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili, Januari na tena Desemba. Kosa lao liko katika neno mbovu. Kifaa huitwa kibovu kinaposhindwa kazi kiliyowekewa, na kalenda hii haikuwekewa kazi ya kufuata majira. Waarabu wa kale walikuwa na desturi ya kuisogeza miezi mitukufu iwafae wao, na Kurani, sura ya At-Tawba, aya ya 37, ikaipiga marufuku. Kilichotakiwa ni kipimo ambacho tajiri wala mkuu wa kabila hawezi kukisogeza.

Tazama pia haki iliyomo. Lau Ramadhani ingefungwa mwezi Juni, watu wa kaskazini mwa Ulaya wangefunga siku ndefu kuliko zote maisha yao yote, na wa Cape Town wangefunga siku fupi maisha yao yote. Kwa kuzunguka kwake, katika miaka kama 33 kila mtu amefunga kila majira. Sisi wa Mombasa na Unguja, tulio karibu na ikweta, hatuihisi sana tofauti hiyo, na pengine ndiyo sababu wahubiri wa hapa hawajawahi kuifikiria.

Wala wazee wetu hawakuwa wajinga wa majira. Walikuwa na Nairuzi, mwaka wa jua uliohesabiwa kwa miongo ya siku kumikumi, wakaufuata kwa kupanda na kwa kusafiri baharini. Mwaka Kogwa wa Makunduchi bado huadhimishwa kila Julai. Kwa ibada walishika mwezi, wakaupa hesabu ya Kiswahili: Mfunguo Mosi hadi Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Miezi tisa imepewa jina la kitendo cha mwanadamu kufungua saumu. Kalenda mbili, kazi mbili, na hakuna aliyechanganyikiwa. Tarehe iliyochongwa katika msikiti wa Kizimkazi ni ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na hadi leo inasomeka na kuhesabika bila kukosea.

Na anayeona aibu katika sikukuu inayohama aulize Pasaka inapangwaje. Ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21. Huhama kati ya Machi 22 na Aprili 25. Sisemi hivi kuidharau. Nasema mtu hawezi kuuita mwezi sanamu katika ibada ya jirani na saa katika ibada yake.

Kisha wanatuuliza: ikiwa dini ni moja, kwa nini Idi siku mbili? Hapa nakiri kitu. Namna tunavyozozana kila mwaka inaniuma. Nimewahi kukaa usiku na watoto walioshindwa kulala kwa kutojua kama kesho ni daku au ni Idi, huku tangazo likisubiriwa hadi karibu na usiku wa manane. Lakini ugomvi wa watu na ubovu wa kanuni ni mambo mawili. Dunia ni duara. Hilali isiyoonekana Lamu jua linapotua inaweza kuonekana saa kadhaa baadaye magharibi mwa Afrika, jioni ileile. Je, aliyeko Lamu afuate jicho lake au la mwenzake? Swali hilo lilifika kwa Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, pale mtu aitwaye Kuraib alipotoka Sham na habari kwamba huko mwezi umeonekana usiku mmoja kabla ya Madina. Ibn Abbas akashika muandamo wa Madina. Wanazuoni wengine wakaona muandamo wa popote unatosha. Kila upande una hoja inayojulikana, na tofauti haizidi sana siku moja, kwa kuwa mwezi usipoonekana siku 30 hutimizwa. Makanisa nayo yana kanuni mbili: mwaka 2024 Pasaka ya magharibi ilikuwa Machi 31 na ya Waorthodoksi Mei 5. Hakuna mwenye akili aliyesema kwa hilo Ukristo umebatilika. Zaidi ya hayo, madai yao wenyewe yanagongana: jana tuliambiwa tunauabudu mwezi, leo tunachekwa kwa kubishana kama umeonekana kwa jicho au kwa darubini. Kinachobishaniwa hivyo ni kipimo.

Inshallah. Wanasema maana yake halisi ni "hapana", na kila mmoja wetu anamjua fundi aliyesema "kesho Inshallah" na kesho hiyo haijafika. Namjua mimi pia. Lakini kosa ni la fundi. Al-Kahf, aya ya 23 na 24, inamkataza mtu kusema atafanya jambo kesho bila kulifungamanisha na matakwa ya Mungu. Soma mpangilio wake: kwanza ipo ahadi, ndipo linakuja neno. Asiyekusudia kuja hana cha kufungamanisha, na akilitamka amesema uongo kwa jina la Mungu. Waraka wa Yakobo, sura ya 4, unawaonya wafanyabiashara kwa maana ileile, waseme Bwana akipenda. Hata methali yetu, jitihada haiondoi kudura, imeitanguliza jitihada.

Mwisho ni Allahu Akbar, na hili linaumiza kuliko yote, kwa kuwa wapo waliolitamka wakimwaga damu ya watu wasio na hatia. Sitalifunika hilo. Ila maana ya neno haiamuliwi na mhalifu aliyelichukua. Katika swala tano za faradhi za siku moja, takbira ni 94, bila kuhesabu adhana wala sunna. Bibi kizee anayesali mkekani kwake analitamka mara nyingi kuliko askari yeyote. Husomwa katika adhana ya mtoto anapozaliwa, na mara nne juu ya jeneza. Na sasa sikiliza Kiswahili chako: takbira, kiburi na takabari vimetoka mzizi mmoja wa Kiarabu, ule wa ukubwa. Anayesema Mungu ni mkubwa zaidi anajivua ukubwa huo mwenyewe. Muuaji anayelitamka huku amejipa mamlaka ya uhai na mauti ya wenzake amelipinga kwa mkono wake, na sisi ndio wa kwanza kupaswa kumwambia hivyo.

Ukiletewa tena sauti hiyo kwenye simu yako, usiipitishe. Mwombe aliyekutumia akusomee kwanza Fussilat aya ya 37, yote, kwa sauti, kisha akuonyeshe mwezi unaosujudiwa uko wapi.