Izimeni Seva Kabla Haijazimika Yenyewe

Wikiendi ya tarehe 20 hadi 22 Aprili 2018, benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake milioni 5.2 kutoka mitambo ya Lloyds, mmiliki wake wa zamani, kwenda mfumo mpya wa kampuni mama yake wakati huo, Sabadell ya Hispania. Data ilifika salama. Kilichoyumba ni mfumo wenyewe: wateja walishindwa kuingia kwenye akaunti zao, wengine wakaona akaunti zisizo zao, na huduma hazikutengemaa hadi Desemba. Mwaka 2022 wadhibiti waliitoza benki hiyo faini ya pauni milioni 48.65. Uchunguzi wa kampuni ya mawakili ya Slaughter and May ulibaini jambo la kushangaza. Mfumo ule ulijengwa ili vituo viwili vya data vifanye kazi kwa pamoja, lakini majaribio ya mzigo mkubwa yalifanyiwa kituo kimoja tu.

Taasisi zetu za Kenya na Tanzania zinazobadilisha mifumo ya kuzuia huduma kukatika zilisome tukio hilo kwa makini, maana katika kazi hii data ndiyo sehemu rahisi. Ngumu ni uamuzi: programu inayoziunganisha seva kuwa kundi moja ina kazi ya kuamua seva ipi imekufa. Seva hutumiana ishara kila mara. Ishara zikikoma, programu huamua kama mwenzao amezimika au waya tu umekatika, kisha humkabidhi mwingine kazi. Ikikosea, seva mbili huandika kwenye data ileile, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Ndiyo maana mifumo makini humkatia umeme mshukiwa kwanza. Red Hat ilipotoa toleo la 7 la mfumo wake wa Linux mwaka 2014, iliacha programu ya aina hiyo iitwayo rgmanager na kubaki na nyingine, Pacemaker, pekee. Mafundi waliokuwa wakitumia ile ya zamani walilazimika kuziandika upya kanuni za kuhamisha kazi, na kanuni iliyoandikwa upya huwa haijawahi kukutana na ajali.

Ajali yenyewe haihitaji kuwa kubwa. Oktoba 2018, wakati GitHub, jukwaa la waandishi wa programu, ikibadilisha kifaa cha mtandao, mawasiliano na kituo chake kikuu cha mashariki mwa Marekani yalikatika kwa sekunde 43. Programu ya kusimamia kanzidata ikakabidhi uongozi kwa seva za magharibi, ilhali mashariki kulikuwa na data iliyoandikwa ambayo haikuwa imevuka kwenda magharibi. Huduma ilidorora kwa saa 24 na dakika 11. Programu ilifanya ilichoagizwa. Walioagiza hawakuwa wameupima uamuzi huo katika hali kama ile.

Dawa ni kuzima seva makusudi kabla ya kuhama, huku mfumo wa zamani ukiendelea kufanya kazi. Wapo watakaosema huko ni kucheza na fedha za watu, na kwamba muuzaji amekwisha kuijaribu bidhaa yake. Muuzaji ameijaribu kwenye maabara yake, si kwenye swichi zetu na umeme wetu. Na hatari ya seva kuzimika ipo pia usiku wa manane, fundi akiwa amelala. Netflix iliunda Chaos Monkey, programu inayozima seva zake ovyo, na ikaiendesha saa za kazi ili wahandisi wawepo. Hoja nzito zaidi ni ya gharama: kuendesha mifumo miwili sambamba ni kulipia leseni mara mbili, tena mara nyingi huku muda wa msaada kwa ule wa zamani ukiyoyoma. Gharama hiyo ni halisi, lakini inafahamika mapema na inaweza kuingia kwenye bajeti. Ya TSB haikufahamika mpaka ilipofika.

Kwa hiyo Benki Kuu ya Kenya na Benki Kuu ya Tanzania, zinazosimamia pia fedha za simu, zisiridhike na cheti cha muuzaji. Kabla ya benki au kampuni kuhama, itoe kumbukumbu za mazoezi: seva ipi ilizimwa, kiungo kipi kilikatwa, huduma ilirejea baada ya muda gani, na kama kazi ilirudishwa kwenye mfumo wa zamani bila muamala kupotea. Asiye na kumbukumbu hizo aahirishe kuhama, hata kama matangazo yamekwisha kurushwa redioni.