Njia ya Msituni Ina Wenyewe

Mwezi uliopita tulikuwa na semina ya mazingira kwa vijana. Mwezeshaji alitoka mjini, mtu mpole, sina ugomvi naye. Alituonyesha picha za Amani, kule Usambara Mashariki, mkoa wa Tanga. Njia nyembamba ya kutembea kwa miguu, miti mirefu, ukungu, wageni na mabegi yao mgongoni wakitazama ndege. Akasema, "Hivi ndivyo msitu unavyokuwa watu wakiuacha." Picha iliyofuata ilikuwa sisi: mama amebeba kuni kichwani, nyuma yake visiki vitupu. Ukumbi ukanyamaza kimya.

Ndugu msomaji, naandika kwa sababu ya picha hizo mbili kufuatana. Si kweli kwamba Amani ni msitu ulioachwa na watu. Kule kulikuwa na mashamba. Miaka ya 1890 kampuni ya Wajerumani ilifyeka msitu wa Usambara Mashariki, Derema na jirani zake, ikapanda kahawa. Waliofyeka hawakuwa Wajerumani. Walikuwa vibarua, wengine Wanyamwezi waliotoka mbali kabisa. Udongo ukakataa, kahawa ikafa, baadaye chai ikachukua nafasi. Mwaka 1902 wakajenga pale Amani kituo cha utafiti wa kilimo, wakaleta miti ya mabara mengine kuijaribu. Mingine ilitoka kwenye bustani ikaenea msituni yenyewe. Hifadhi ya Amani ilitangazwa 1997. Kwa hiyo mgeni yule mwenye begi, kuna mahali anatembea juu ya shamba la zamani, chini ya miti iliyopandwa na mikono ya watu. Majina ya miti anaambiwa, mpaka kwa Kilatini. Kwenye semina yetu mikono hiyo haikutajwa hata mara moja.

Mimi inanigusa hivi. Babu yangu wa Burundi alikuwa akisema, "Nilipokuwa Manamba." Nikiwa mtoto nilidhani Manamba ni mji. Nimekuja kuelewa hapa kambini, kwa mzee mmoja Muha, kwamba manamba ni namba. Ukiandikishwa kwenda kukata mkonge Tanga, unapewa namba, jina lako linabaki nyumbani. Na mkonge wenyewe ulifika nchi hii 1893, miche 1,000 ilitumwa kutoka Florida, 62 tu ikafika hai. Kutoka miche hiyo 62 yakazaliwa mashamba ya bonde lote lile chini ya milima ya Usambara. Watu wa kuyafanyia kazi walitafutwa huku kwetu: Kigoma, Burundi, Rwanda. Unapewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku usiyomaliza kazi uliyopangiwa haihesabiwi. Mshahara unaupata kipande kikijaa.

Sasa niulize swali la kijana asiye na shahada: kati ya kampuni iliyofyeka mlima mzima ili iuze kahawa Ulaya, na mama anayetafuta kuni za kupikia maharage ya mgao, nani mharibifu? Mbona wa kwanza anaitwa historia na wa pili anaitwa tatizo?

Najua mtakachojibu, ndugu zangu wa mashirika. Kuni ni kuni, mti ukikatwa umekatwa. Ni kweli, na sitaki kudanganya. Nimetembea pembeni ya kambi nikaona penyewe palivyo, peupe kama kiganja. Wenyeji wa vijiji jirani wana haki ya kukasirika, miti ile ni yao pia. Mimi mwenyewe niko kwenye kikundi cha kitalu, nimebeba maji ya miche kiangazi kizima. Lakini mama huyo haruhusiwi kutoka zaidi ya kilomita 4 bila kibali. Sufuria yake haijui kibali. Akienda anaweza kukamatwa, anaweza kupigwa, anaweza kukutana na mabaya ambayo hataki kuyasimulia. Akirudi salama, anapigwa picha. Jamani! Kama mnataka aache kuni, mpeni cha kupikia kwanza, halafu ndiyo mumfundishe.

Na msidhani kilio hiki ni cha wakimbizi peke yetu. Huko huko Derema, miaka ya 2000, wakulima waliondolewa kwenye mashamba yao ya iliki ili ukanda ule uunganishe misitu. Walilipwa fidia, na wengi walilalamika kwamba haikutosha. Pale pale kampuni ilipofyeka, mkulima ndiye aliyeambiwa apishe. Msitu ulihitaji kuokolewa, sibishi. Nabisha kwamba gharama inamwangukia yule yule kila mara, halafu njia ikishapendeza yeye haonekani tena.

Kwa nini nayasema haya leo? Kwa sababu kambi hazidumu. Mtabila ilifungwa 2012. Mtendeli ilifungwa 2021. Na yetu siku moja itafungwa, nyumba za udongo zitayeyuka kwenye mvua, miombo itarudi. Huenda mtu atachonga njia ya matembezi hapa, na wageni watapita wakitazama ndege. Wataambiwa nini? Kwamba hapa waliishi watu waliomaliza miti, kisha wakaondoka, msitu ukapona? Au wataambiwa kwamba mti huu ulipandwa na fulani, akiwa na miaka kumi na sita, akichota maji mbali?

Nendeni mkaangalie shamba letu la miti. Kuna kibao kikubwa chenye nembo za wafadhili. Jina la mpanda mti hata mmoja halipo. Sisi nasi tumekuwa manamba, sahihi yetu iko kwenye karatasi ya mahudhurio tu.

Naomba mambo matatu. Moja, kitalu kiwe na daftari la majina ya wanaopanda, na nakala ikae kwenye maktaba ya vijana. Mbili, semina ijayo tualikwe kuwauliza wazee wetu habari za mkonge, na wazee wa vijiji jirani waalikwe pia, maana babu zao na zetu walipanda treni moja. Tatu, picha ya mama mwenye kuni iondolewe kwenye semina mpaka yeye mwenyewe aombwe ruhusa.

Daftari nimeshalinunua, kurasa 96. Jina la kwanza nimeandika la mama yule wa kwenye picha. Mwaka jana alipanda miche kumi na minne. Mwezeshaji hakumuuliza.