Tusilie na tamthilia tu, tuzungumze na binti zetu

Jioni, katika nyumba nyingi za Mbeya na Iringa, mama na binti hukaa pamoja kuangalia tamthilia ya Kihindi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Mtoto wa shule akivishwa mapambo ya harusi, mama hufuta machozi na kuwalaumu wazazi wa mtoto huyo.

Mfano unaojulikana ni Balika Vadhu, iliyoanza kurushwa India mwaka 2008, ambamo Anandi wa Rajasthan anaozeshwa akiwa na miaka 8. Lakini tusiwacheke Wahindi. Sheria yao inamtaka msichana afikishe miaka 18. Yetu ya mwaka 1971 iliweka miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, hadi Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kuwa hilo linakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo mwaka 2019.

Machozi ya tamthilia huisha kipindi kikiisha. Madhara ya mwilini hayaishi hivyo. Binti mdogo nyonga yake haijakomaa, kwa hiyo mtoto anaweza kukwama njiani wakati wa kujifungua. Uchungu ukikaa muda mrefu bila msaada, mama anaweza kupata fistula, akavuja mkojo au kinyesi bila kujizuia. Hatari ya kifafa cha mimba nayo ni kubwa kwake, na mtoto huweza kuzaliwa njiti au na uzito mdogo. Mahari, iwe ng'ombe au fedha, hailipi hasara hiyo.

Mzazi, usizime runinga. Itumie. Muulize binti: huyu anayeolewa angekuwa darasa la ngapi? Wewe ungemwambia nani? Mwache ajibu, nawe umsikilize bila kumkaripia. Baba naye akae hapo, kwa kuwa mara nyingi yeye na wajomba ndio wanaopokea posa.

Kama binti tayari ni mjamzito, usimfiche wala kumfukuza. Mpeleke kliniki mapema, ahudhurie miadi yote, ajifungulie kituoni. Tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi shule baada ya kujifungua. Mwenye fistula naye asikate tamaa, kwani inatibika.

Ukisikia mtoto anataka kuozeshwa, piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Usisubiri siku ya harusi.