Ukimya wa mwajiri usimponze mjane

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliiondolea Tanzania aibu ya malipo ya mkupuo yasiyotosha hata gharama za msiba. Sasa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), unaochangiwa na waajiri peke yao, huwalipa wategemezi wa marehemu pensheni ya kila mwezi. Lakini taarifa ya ajali inategemewa kutoka kwa mwajiri, na madai yana ukomo wa miezi 12. Mwajiri akinyamaza, anayepotezewa muda ni mjane, pengine bado yumo edani. Watetezi wa ukomo husema unazuia ulaghai, maana ushahidi huchakaa. Kweli, huchakaa, ila kumbukumbu za mishahara na zamu anazo mwajiri. Basi muda uanze kuhesabiwa siku familia inapoarifiwa haki yake kwa maandishi.