Mzee wa Sukari

Mwanamume akipigwa na mkewe huku kwetu Mubuku, Uganda, habari hufika kilabuni kabla yake. Akifika kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, hukuta watu wamekwisha kucheka.

Nilimwona mmoja. Ni mkulima wa vitunguu kwenye mashamba ya umwagiliaji, shingo imebabuka kwa uji wa moto, amejitanda taulo jua la saa saba. Baraza lilikaa chini ya mwembe. Kabla hajamaliza kueleza, mzee mmoja akamuuliza, “Uji wenyewe ulikuwa na sukari?” Kicheko kikalipuka. Yule bwana akainuka, akaitengeneza taulo yake, akaenda zake. Shauri halikuandikwa.

Nawauliza mliocheka: mmeisoma sheria gani? Sheria ya Uganda ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010 haikumwekea mwathirika jinsia. Kipigo, vitisho, matusi ya kudhalilisha, hata kumnyima mwenzio riziki, vyote vimo, na kosa hilo lina faini hadi shilingi 960,000 au kifungo hadi miaka 2, au vyote pamoja. Mahakama ya LC ina mamlaka ya kusikiliza. Hakimu naye aweza kutoa amri ya ulinzi. Jirani zetu wa Tanzania waliandika tangu 1971 kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, mila iseme isemavyo.

Najua mtanijibu kwamba wanaoumizwa zaidi ni wanawake. Kweli, tena kwa mbali sana, na mwanamume apigaye mke asithubutu kuikata makala hii akaibandike ukutani kwake. Lakini wingi wa majeraha ya wanawake hauponyi shingo ya yule bwana.

Na tukimfukuza kwa kicheko, aende wapi? Wapo wanaovuka mpaka wa Mpondwe kutafuta vibarua Kongo, watoto wakabaki bila ada. Wapo wanaonyamaza mpaka siku ya kulipiza, na siku hiyo polisi huja mbio, kuwachukua wao.

Enyi wanaume wenzangu, kuificha ngozi iliyobabuka si heshima. Nenda polisi upewe fomu ya PF3, ukapimwe kidonda kingali kibichi. Ukiona haya kumweleza askari wa kike, omba maelezo yako yachukuliwe na mwanamume. Sheria inakuruhusu, kama inavyomruhusu mwanamke kumtaka mwanamke mwenzake.

Nawe mwenyekiti, akija tena mtu mwenye taulo shingoni, mnyamazishe yule mzee wa sukari, msogezee mgeni benchi, fungua kitabu chako uandike: jina, siku, saa, na kilichomwagwa.